Bwana yangu banamukuta na mafuta ku ini, sasa nimupikie nini?

Mama_Nyawera

Jambo ba ndugu na ba dada, munisamehe itakuwa murefu lakini nahitaji mashauri ya kweli. Bwana yangu ako na miaka 46, kilo 94, urefu 1m70, anaendesha gari ya abiria hapa Bukavu toka asubui mpaka usiku kwa hiyo siku yote amekaa tu. Kulikuwa kitu inamulemea upande wa kuume chini ya mbavu, si maumivu kabisa, alafu uchovu wenye hauishi hata alale namna gani. Bakamufanyia ekografi, karatasi inasema steatozi ya ini (njo mafuta ku ini), grade 2. Ku labo, vipimo vya damu vya ini, ALAT 71, ASAT 48. Dokta akasema apunguze mafuta, afanye sipori, arudi kisha miezi sita, na watu walikuwa mingi ku mulango, njo ikaisha vile.

Sasa karatasi iko mu mukono yangu na sijue naanzia wapi. Kwetu tunakula kama watu bote: bugali ya muhogo muchana na mangaribi, sombe ya mawese, makemba ya kukaanga, sambaza ya kukaanga, maharagi. Asubui chai ya maziwa na bitumbura, anaweka sukari vijiko tatu kila kikombe na anakunywa vikombe tatu ku siku. Mu gari anakunywa sukre (soda), moja asubui, moja kisha saa sita, anasema inamupa nguvu. Siku ya posho na siku ya yenga anakunywa pombe na ba rafiki, chupa kubwa tatu, mara ingine ine.

Jirani anasema tuache mafuta yote kabisa hata avoka. Shemeji amemuletea unga ya majani mu chupa ya ku soko, eti inasafisha ini. Mama mumoja wa maombi anasema afunge siku 21 na maji tu. Mi naogopa kumuharibia. Bugali tuache? Mawese tuache? Pombe aache yote ao apunguze? Na sipori, mu hii mulima yetu, yeye anapanda ngazi kidogo anahema. Tena hii ugonjwa inapona ao tutaishi nayo?

Yaya_Muhungu

Mama pole sana, na papa pole. Mimi banikuta na grade 2 vile vile na leo ekografi haionyeshe tena kitu, kwa hiyo jibu ya swali yako ya mwisho ni ndiyo, inarudi nyuma, na ku grade hiyo mara mingi inarudi muzuri kama ini haijaanza kuota makovu.

Nikuambie kwanza kitu yenye watu mingi hawaangalie: sukari. Mutu akisikia mafuta ku ini anafikiri ni mafuta ya sombe inatoka ku sahani inaenda kukaa pale, kumbe sehemu ya ile mafuta ini yenyewe njo inaitengeneza, juu inapokea sukari na wanga kupita yenye mwili unatumia. Na sukari ya ku sukre, nusu yake hivi ni fruktozi, na fruktozi karibu yote inapitia ku ini, haiendi ku misuli kama ile ingine. Chupa moja ya 33 cl inaweza kuwa na gramu 35 za sukari. Papa anakunywa mbili, ni 70. Weka na chai yake, vijiko 9 ku siku, kijiko ni gramu 4 hivi, unaongeza 36. Amepita gramu 100 na bado hajakula hata kitu. OMS, shirika ya afya ya dunia, toka 2015 inashauri sukari ya kuongeza isipite 10% ya nguvu za chakula ya siku, na muzuri zaidi chini ya 5%, njo kusema gramu 25 hivi kwa mutu mukubwa. Sukre moja tu imeshapita pale.

Kwa hiyo usianze na avoka! Avoka iachwe mu amani, ile mafuta yake ni ya muzuri, nusu ku chakula haina shida. Anza na ile chupa ya mu gari. Abebe maji, bidoni ya litre moja na nusu, kama anapenda utamu akate ndimu ndani. Chai ashuke polepole, vijiko tatu, mbili, moja, ulimi unazoea kumbe. Na jus ya marakuja yenye tunatengeneza nyumbani na kumimina sukari, ile nayo ni sukre tu hata kama inatoka ku tunda. Tunda lenyewe akule, papai, nanasi, pera, machungwa, alitafune na nyuzi zake.

Bugali hatukuacha. Mutu wa Bukavu umuambie aache bugali atakuitika leo, juma ijayo anakulia kwa dada yake. Tulibadilisha sahani: nusu ya sahani ni majani, lengalenga, sombe, shu, biringanya, yenye iko mu soko; robo ni maharagi ao samaki ao yai; bugali ni ngumi yake yeye mwenyewe imefungwa, isipite pale. Mwanzoni utaona kama ni kidogo, lakini maharagi inashiba sana, na mangaribi ukila mapema, saa moja hivi, unalala mwepesi. Bitumbura ya asubui ni unga mweupe, mafuta na sukari pamoja, ile tuliweka pembeni. Yai la kuchemsha na kiazi kitamu kimoja, ao uji ya soya bila sukari, ao hata maharagi ya jana.

Na kahawa!! Hii watu hawaamini. Tunalima kahawa ya arabika hapa kwetu Kivu alafu tunakunywa chai ya sukari. Tafiti mingi zimeona ba wenye banakunywa kahawa vikombe viwili tatu ku siku ini yao inapata makovu kidogo kuliko ya wengine. Bila sukari lakini, na kama presha ao tumbo inakubali.

Infi_Kadutu

Mama Nyawera, mimi ni muuguzi. Yaya amesema muzuri juu ya chakula, sirudilie. Mimi naongeza yenye naona inapungua ku karatasi yako.

Kabla ya yote, walimupima epatiti B na C? Hapa kwetu epatiti B iko mingi, na mutu anaweza kuwa na mafuta ku ini na epatiti B kwa wakati moja, ALAT inapanda na kila mutu analaumu mafuta tu. Uombe antijeni HBs na kipimo ya epatiti C, ni damu kidogo tu. Kama B iko, wewe pia upimwe, na kama hauna uchanjwe. Tena sukari ya damu, trigliseride (mafuta ya mu damu), presha. Hii mafuta ku ini inatembea na diabeti na presha kama ndugu, na kusema kweli mutu mwenye ini ya mafuta mara mingi ni moyo njo inamuumiza mbele ya ini.

Kitu ya pili ni kujua kama makovu yameanza, juu grade 2 ya ekografi inasema mafuta ni kiasi gani, haisemi makovu. Kuna hesabu inaitwa FIB-4 hata mu simu unaifanya: miaka mara ASAT, unagawanya kwa plakete (chembe za kugandisha damu) mara kipeuo cha pili cha ALAT. Ikiwa chini ya 1.3 makovu makubwa si rahisi yawe, ikipita 2.67 lazima dokta mukubwa amuone haraka, katikati pale banatafuta fibroskani (mashini inapima ugumu ya ini) ao kipimo ingine. Mutafutie namba ya plakete, iko ku karatasi ya emogramu, kipimo ya kuhesabu chembe za damu, niletee hapa.

Uzito. Kilo 94, akipunguza 5% ni kilo karibu 5, mafuta ku ini inaanza kushuka ya kuonekana. Akifika 7% mpaka 10%, ni kilo 6 na nusu mpaka 9 na kidogo, hata ule uvimbe wa ndani ya ini unapoa, na kwa wengine makovu madogo yanaanza kurudi nyuma. Lakini POLEPOLE, nusu kilo ku juma, kilo moja mwisho. Mutu akipoteza uzito mbio sana, mafuta mingi ya mu mwili inakimbilia ku ini kwa mara moja na ini inaumia zaidi, tena mawe inaweza kuota mu nyongo. Kwa hiyo ile ya siku 21 na maji tu hapana, mama. Maombi endeleeni nayo, Mungu anasikia na mutu mwenye amekula. Kama anataka kufunga, afunge sukre.

Juu ya mawese. 2014 watafiti wa Uswidi, kule Uppsala, balichukua vijana 39 wembamba, bakabapa keki za kuongeza kwa majuma 7, bamoja zilipikwa na mawese, bengine na mafuta ya alizeti. Wote baliongezeka uzito sawa sawa. Lakini ba mawese walijaza mafuta ku ini mingi zaidi sana kuliko ba alizeti. Sisemi mutupe sombe ya mababu, nasema kijiko kimoja cha mawese ku sahani ya mutu na si kopo nzima ku chungu, na karanga ya kusaga itaifanya nzito bila mafuta mingi. Na angalia, ile mafuta ya rangi ya maji ku bidoni ya njano, mingi ni mawese yenye balisafisha tu, soma etiketi kama banaandika palme. Ya alizeti ao soya ni bora, na hiyo pia kwa kijiko. Sambaza muzikaushe ku moto ao muzipike na nyanya na kitunguu, ni samaki muzuri sana ule, tunauharibu na mafuta ya kukaangia yenye imetumika toka juzi. Na karanga, chagua zenye hazina ukungu, zenye zinanuka ao zimekuwa nyeusi tupa hata kama zilikuwa bei, juu ule ukungu unatoa sumu ya aflatoksini, na kwa mutu wa epatiti B ile ni njia ya kansa ya ini.

Pombe. Chupa kubwa ya 72 cl ya 5% iko na gramu 28 za alkooli. Kwa mwanaume, gramu 210 ku juma njo mupaka wenye madokta banasema pombe yenyewe sasa iko sababu ya ugonjwa, ni kama chupa saba na nusu. Papa chupa tatu, mara ingine ine, kwa siku mbili, ni sita mpaka nane, ameshafika pale. Na ule mupaka si ruhusa! Mutu mwenye uzito na pombe, vile viwili vinasaidiana kuharibu ini. Mimi naomba aache yote mpaka ALAT ishuke, kisha azungumuze na dokta. Na asibadilishe chupa kwa kasiksi akisema ni ya asili, wala kanyanga, ile tusiongee.

Fils_Bagira

Mi na heshima yote kwa muuguzi, lakini nilijua papa mumoja wa kwetu alikunywa majani ya uchungu mwezi nzima na akapona, alikuwa manjano kabisa. Dawa za mababu zisizarauliwe. Mama jaribu ile unga ya shemeji, haina kemikali.

Infi_Kadutu

Ndugu Bagira, sizarau. Mutu kuwa manjano inaweza kuwa epatiti A, na ile mara mingi inaisha yenyewe kwa majuma kazaa, unywe majani ao usinywe. Shida ya ile chupa ni hakuna mutu anajua ndani kuko nini wala kiasi gani, na kila kitu inameza mutu ini njo inapaswa kuichambua. Ini ya papa imechoka sasa, tunaiongezea kazi ya bure. Nimeona ba wagonjwa benye ini ilianguka juu ya chupa kama zile. Mama, iweke pembeni, umwambie shemeji asante kwa upendo wake, umuombe kilo ya maharagi pale pale.

Hata kule Marekani kwenye walikubali dawa za kwanza za ugonjwa huu, resmetiromi mu 2024 na semaglutidi mu 2025, ni kwa ba wenye makovu yamefika kati, na banaandika ku karatasi kwamba zinaenda pamoja na chakula na mazoezi. Hakuna ya kusafisha.

Mwalimu_Panzi

Sipori niachie mimi, nafundisha jimu ku shule. Munasema mulima ya Bukavu ni shida, mi naona ni mali yenye tunayo. Bamoja mu miji ingine banalipa sale ya mazoezi ili mashini ibapandishe, sisi iko ku mulango.

Lakini papa asianze na kupanda, mutu wa kilo 94 mwenye siku yote amekaa ukimupandisha Kadutu siku ya kwanza ataumia magoti na hatarudi. Aanze ku sawa. Asubui mbele ya kuchukua gari, kukiwa mwangaza na watu ku njia (gizani usitoke, munajua hali yetu), atembee dakika 10 kwenda 10 kurudi, mwendo wa mutu mwenye anachelewa misa. Kipimo ni hii: anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Akiimba anatembea polepole, akishindwa kuongea apunguze. Juma ya pili 15 na 15, na polepole afike dakika 150 ku juma, nusu saa siku tano, njo kiasi yenye OMS inashauri kwa mutu mukubwa. Kisha mwezi njo anaingiza mupando, mumoja mufupi, anapanda pole, anasimama, anashuka.

Kwa dereva nitaongeza: kila akifika mwisho wa mwendo, kungojea abiria, atoke mu kiti. Asimame na kukaa ku kiti bila kutumia mikono mara kumi, asukume ukuta mara kumi. Misuli za mapaja njo kubwa mu mwili, zikifanya kazi zinakula sukari mingi ya mu damu. Ni kitu watu hawajue, mazoezi inapunguza mafuta ya ini hata kama kilo ku mizani haijashuka! Kwa hiyo akipanda mizani kisha majuma tatu akakuta ni 94 ile ile asikate tamaa, apime kiuno na kamba, kiuno inaongea mbele.

Akisikia kifua inabana ao kizunguzungu, asimame na aende kwa dokta mbele ya kuendelea.

Mama_Nyawera

Ee Mungu abariki nyinyi wote, nimesoma yote nikamusomea na yeye. Nimepata emogramu, plakete ni 232. Epatiti hawakupima, nimeangalia karatasi zote.

Amekubali maji mu gari, amekubali kutembea juu kaka yake atamufuata. Pombe ananyamaza. Shida iko moja, anasema hataki chungu yake ya pembeni kama mugonjwa, batoto bakule ya mafuta na yeye ya maji. Na mi mwenyewe siweze kupika mara mbili, makala ni bei.

Infi_Kadutu

46 mara 48 ni 2208. Kipeuo cha 71 ni 8.4, mara 232 ni karibu 1955. Inatoka 1.13. Iko chini ya 1.3, mama, ni habari njema, makovu makubwa si rahisi yawe. Lakini epatiti ipimwe hata vile, ile hesabu haiione.

ALAT irudilie kisha miezi tatu, ile itashuka mbele. Ekografi usiikimbilie, inaona mafuta kama iko mingi tu, kisha miezi sita inatosha. Na musingoje siku hiyo kama macho yanakuwa manjano, tumbo inavimba maji, anatapika damu, choo nyeusi kama makala ao anaanza kuchanganyikiwa, ile ni hopitali saa ile ile.

Yaya_Muhungu

Chungu iwe moja, mama. Wewe na batoto mukule yenye anakula, hakuna yenye itabapungukia, batoto bapewe bugali kubwa kuliko yake na avoka, bo banakua. Sukre ndani ya nyumba ikome kwa bote, ya sikukuu tu. Kwetu ile pesa ya sukre na bitumbura njo inanunua sambaza na mayai, fanya hesabu ya juma moja utaona.

Pombe, asiambiwe na wewe. Uniandikie pembeni namba yake, nitamuita siku ya posho mapema, kuna sisi wa kama yeye tunatembea mpaka ku La Botte tukirudi tunakunywa kahawa kwangu. Akiwa na sisi saa ile hatakumbuka chupa kama akiwa na ba rafiki ba pombe.

Mama_Nyawera

Yaya asante, nimekutumia. Kesho asubui tuko ku labo wote wawili, yeye epatiti na sukari, mi pia epatiti. Sombe ya leo nimeweka vijiko tano vya mawese kwa watu batano, na karanga. Batoto bamemaliza chungu. Nitaleta majibu ya labo hapa.